Mti Namba 417

Randa imegonga chuma.
Si fundo, si kokoto iliyonaswa na gome:
ni kibati cha alumini, kidogo kama kifuniko cha soda,
mti ulikimeza kama mtu amezavyo neno,
na usoni kimepigwa tarakimu: nne, moja, saba.

Mkangazi huu ulinifikia Masindi saa nane usiku
chini ya magunia ya makaa.
Dereva hakuzima injini. Sikuomba karatasi.
Ubao usiopigwa nyundo ya misitu
huuzwa nusu bei, na ada ya shule haingoji risiti.

Mke wangu Abwooli huingia Budongo kila mwanzo wa mwezi,
umande ukimlowesha hadi magotini,
darubini shingoni, penseli sikioni.
Hulipwa kutazama juu.
Majani machanga, maua, matunda, mti kwa mti, hujaza fomu,
na jioni, akichambua kunde, hunipa habari
kama aliyetoka kuwajulia hali wakwe.
"Mia nne kumi na saba amezaa," alisema Februari.
"Umezaa," nikamsahihisha. "Mti ni *u*."
Akacheka. "Wewe unawajua wakishakuwa mbao.
Mimi nawajua wakiwa wima."

Leo amerudi mapema. Kunde hakugusa.
"Nimekuta jua limekaa chini," alisema,
"mahali ambapo halijawahi kukaa,
na unga wa msumeno, mwekundu, bado una unyevu.
Hondohondo wanazunguka tu. Hawana pa kutua."
Akatandaza fomu mezani, mstari mmoja mtupu.
"Hakuna safu ya hili, Araali. Niandike nini?"

Kitanda cha mwalimu mkuu kiko nyuma ya nyumba, nusu,
chaga sita, miguu miwili.
Kibati kimo mfukoni, kimeshika joto la paja langu.

Nilikiweka kando ya kibakuli cha chumvi.
Hakukishika. Alikisoma, akarudia kukisoma,
kisha akaninyanyulia macho
polepole, toka shina hadi kilele,
kama atafutaye tunda na haoni.

"Andika *amekufa*," nikasema.
"Andika na namba ya lori, ninaikumbuka.
Na fundi aliyenunua,
jina lake unajua linavyoandikwa."