Barua kwa Mdaiwa wa Trieste

Keti wima, alisema Bi Vondrová, hii ni mashine ya chapa, si mto.
Nje theluji ilikuwa imefukia makreti ya shanga uani,
ndani jiko la makaa likikohoa,
nami nina miaka kumi na saba na vidole vilivyokufa ganzi.

Bwana Rössler alikuwa ametoka sasa hivi akifoka:
Mwandikieni yule mwizi! Miezi saba! Makreti arobaini na mawili!
Mwambieni kwamba mama yake...
Mlango ukamalizia sentensi.

Nikapiga chapa kila alichokitema, hata cha mama.
Bi Vondrová akaichomoa karatasi. Hakuichana.
Aliikunja mara nne, akaisukumia
chini ya mguu mfupi wa meza.
Hasira nayo ina kazi yake, alisema.
Meza haiyumbi tena. Sasa tuandike barua.

Anwani yetu, juu, mkono wa kulia:
mtaa, namba ya nyumba, Jablonec,
anayetaka kugombana nasi ajue mlango wa kubisha.
Chini yake tarehe, kamili, na mwaka wake.
Leo yako si leo ya msomaji;
posta hula siku, na mahakama huzihesabu.
Kisha kushoto yeye, kwa jina alilojiandika mwenyewe:
Bwana Ferruccio Dapretto. R mbili, c mbili, p moja, t mbili.
Ukikosea jina la mdaiwa umeshamsamehe nusu.

Ruka mstari.
Nikauliza, mbona tunapoteza karatasi?
Wewe ukisema, humezi mate?

YAH: UTAPELI WAKO, nikapiga, kwa herufi kubwa.
Akanitazama juu ya miwani mpaka nikaifuta.
YAH: ANKARA NAMBA 318.

Aya ya kwanza, yaliyotokea:
tulileta, ulipokea, sahihi yako ya Juni tunayo.
Ya pili, tunachotaka: kiasi gani, kwa njia ipi, kabla ya siku gani.
Ya tatu alinikataza.
Aya ya tatu, alisema, ndipo watu huanza kulia.
Nilikuwa nimeandika "sana" mara tano;
akazinyonyoa zote kama manyoya ya kuku,
na kuku akabaki mdogo, lakini kuku.

Wako mwaminifu.
Hapo nilicheka. Mwaminifu kwa mwizi?
Hakucheka. Alihesabu mistari minne mitupu
kwa ajili ya sahihi, mkono wa mzee upate pa kutua,
kisha jina kwa chapa, kisha cheo,
kisha nakala ya kaboni, faili la kijani.
Bwana Rössler alitia sahihi akinung'unika
kwamba barua yenyewe haina chumvi.

Wiki ya tatu likaja jibu.
Penseli, kwenye karatasi ya daftari la shule.
Haina tarehe. Haina anwani yetu wala yah.
Mistari imeporomoka kuelekea kulia kama mzigo uliolegea kamba.

*Baba alikufa Agosti. Barua ni nyingi, nazifungua usiku.
Nyingine siwezi kuzimaliza.
Yenu niliimaliza, nikajua ni kiasi gani.
Hizi ni za makreti kumi na moja. Nisubirini hadi Pasaka.
Nives.*

Bi Vondrová aliisoma amesimama.
Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.
Tia karatasi, akaniambia.
Nikaanza: anwani yetu, tarehe, mwaka.
Anwani yake. Nikaruka mstari.
Nikafika penye yah, vidole juu ya herufi, nikingoja.
Meza ilikuwa imetulia tuli.

Hapo, alisema, usiandike kitu.
Anza na jina lake.
Kisha likague, herufi kwa herufi:
N, i, v, e, s.