Analala Saa Ngapi?

Kampuni yetu ya vibonzo, pale Katowice,
juu ya fundi viatu, ngazi ya tatu,
ilimwajiri Mwalimu Halszka, mstaafu wa fizikia,
atusomee mashujaa kabla hawajaenda mtamboni.
Alilipwa kwa ukurasa. Chai ilikuwa bure,
kwenye glasi, na kipande cha ndimu.

Nilianza na Tarishi wa Radi,
aliyetoka mjini kwetu hadi baharini
kabla mkate haujaungua jikoni.
Akauliza, "Soli za viatu vyake ni za nini?"
Akapiga hesabu pembeni mwa picha:
kwa safari moja, mikate milioni mbili,
bila siagi.
Na hewa, kwa kasi ile, si hewa tena, ni ukuta.
"Halafu nzi, Gerwazy. Umemfikiria nzi?
Nzi mmoja tu wa usoni, na shujaa wako marehemu."

Nikampelekea Asiyeonekana.
"Mwanga ukimpita bila kumgusa,
jicho lake litashika nini?
Asiyeonekana haoni. Mpe fimbo nyeupe."
Nikampa.
Ndipo tukagundua kwamba fimbo inaonekana,
inatembea peke yake mbele ya stesheni,
na watu wa Katowice wanaipisha kwa adabu.

Kisha ule ukurasa nilioupenda, nilioukesha siku tisa:
msichana anaporomoka kutoka ghorofa ya kumi na mbili,
Mkono wa Chuma anamdaka hatua moja juu ya lami,
nywele hata hazijamvurugika.
Alama nyekundu ilikuwa ndogo:
"Mkono huu ni lami iliyosogezwa juu kidogo.
Mwambie ashuke naye, ampunguzie kasi
ghorofa kwa ghorofa,
kama unavyompa mtu habari ya msiba."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia
watoto hawanunui hesabu, wananunua ngumi.
Akakoroga chai yake.
"Uongo siukatai. Naukataa wa bure.
Mtu anayepaa bila kulipa hata senti,
nimwonee huruma ya nini?"

Usiku ule nikamtunga Sikio, kwa ukaidi mtupu:
anasikia kila kinywa cha mji,
kila mgonjwa, kila mwizi, kila anayelia chooni.
Masikio hayagombani na mvuto wa dunia,
nilijisemea; safari hii hapati pa kushika.

Karatasi ikarudi bila hesabu.
Pembeni, kwa herufi za mtu asiye na haraka:
"Analala saa ngapi?"

Baadaye Ludwika wa uhasibu alinidokeza:
mume wa mwalimu alichimba makaa,
na kifua kilimkwaruza usiku kucha, miaka kumi na mmoja,
mke akihesabu pumzi upande wa pili wa ukuta.
Tangu chumba kile kinyamaze
redio yake haizimwi,
hata ikikosa stesheni.

Sikumuuliza. Nilichora upya.
Sikio yuko duka la dawa, ananunua pamba.
Sikio amejizamisha bafuni, maji yamemfika puani,
na bado, ghorofa ya nne ya jengo la tano,
mtu anaita.
Sikio anamkaripia jirani kwa kumenya yai.
Katika picha ya mwisho amesimama mlangoni,
koti juu ya pajama:
kati ya sauti laki tatu amechagua moja,
na zile nyingine zinaendelea kuita nyuma yake
hadi ukingoni mwa karatasi.

Jumatatu ukurasa ukarudi. Hakuna wekundu.
Duara la glasi tu, rangi ya chai,
na mbegu ya ndimu iliyokaukia kwenye mlango.
Sikuibandua.
Mtambo uliidhani kitasa, ukaichapa hivyo hivyo,
nakala elfu sita.