Karatasi ya Friji, Hull

Pauni elfu kumi na tisa, mia mbili na nne.
Niliziandika kwa kalamu ya mtoto, ya zambarau,
nikabandika karatasi kwenye friji: mgeni asome akitaka.

Januari nzima tulilala na makoti.
Shomvi akauza gari, akanunua baiskeli isiyo na kengele.
Barabara ya Beverley, kwenye kona,
hukohoa.

Zamu ya upatu ilikuwa ya Mwanakheri.
Akaniletea bahasha, gundi haijaguswa.
“Tangulia wewe. Riba hailali.”
Nilitaka kulia,
nikamkaangia mayai.

Miaka mitatu na nusu. Leo nimebandua karatasi.
Imeacha mraba mweupe mlangoni pa friji,
kwingine kote pamefubaa kwa moshi wa mafuta.
Nafuata maziwa,
naisoma.