Dereva wa Pili

Ijumaa, saa sita ya usiku, usajili wa gari unakufa.
Leo Jumatano. Nina kikombe cha chai, miwani,
na karatasi ya waridi ya fundi Vince Tabone
aliyelala chini ya Subaru yetu juzi akasema breki nzima,
tairi la nyuma kushoto litavuka baridi hii, si ijayo.

Hapa Broken Hill mambo yana foleni yake:
kwanza fundi, kisha bima, kisha serikali.
Bila bima ya lazima hupewi mwaka mwingine wa barabara.
Na hiyo ya lazima haijui bati wala kioo.
Inajua mifupa. Ukimvunja mtu mguu, mtu atatibiwa;
gari lako lililokunjamana kama kopo
utalitazama wewe na macho yako.

Ajali haina kinga, husema watu.
Kampuni sita zinasema inayo,
na kila moja ina bei yake.

Basi nachagua.
Bima ya mali ya mwenzio: nikigonga uzio wa jirani,
uzio utalipwa, mimi nitalia.
Ya moto na wizi: nani aibe gari linalonuka mbwa
aliyekufa miaka miwili iliyopita?
Halafu bima kubwa, mama yao,
inayobeba hata mvua ya mawe,
hata kangaruu wa njia ya Menindee
wanaochomoka gizani kama deni ulilolisahau.
Mia tisa na arobaini. Na mia saba za mwanzo,
siku ya siku, nazitoa mwenyewe.

Gari lenyewe, wanasema, thamani yake elfu sita.
Nacheka peke yangu. Elfu sita!
Hawakuwemo usiku ule tunarudi kutoka Adelaide,
binti yetu amelala kiti cha nyuma,
majibu mazuri ya hospitali
ndani ya bahasha mapajani.

Clarrie yuko ng'ambo ya meza, anamenya chungwa,
anafuata ganda kwa kugusa, halikatiki.
Anajua ninachofanya. Anasikia vitufe.

Swali la kumi na moja: nani mwingine huendesha?
Jina lake limekwisha kujijaza, la mwaka jana:
Clarence Pascoe, miaka sabini na minane,
na pembeni alama ndogo ya kufutia.

Tangu Machi hajashika usukani.
Daktari alisema katikati ya macho kumeingia doa,
zimebaki kingo. Kingo haziendeshi gari.
Lakini neno lenyewe hakuna aliyelitamka mezani hapa.
Funguo bado anazitundika yeye, ndoana ya juu,
na mimi kila nikienda dukani
nanyoosha mguu hadi ncha ya kidole kuifikia breki,
maana kiti kimekaa kwa urefu wake
na sikutaka kukigusa.

Nafuta, kuona tu. Bei inashuka
dola mia moja na kumi na mbili.
Namrudisha. Inapanda.
Nafuta. Namrudisha.

"Mara ya pili hiyo," anasema Clarrie.
"Nitoe, Noelene. Hizo pesa nunua tairi."

Sina jibu. Anakula kipande kimoja,
anatema mbegu kiganjani.
"Na abiria? Abiria yumo?"
"Yumo. Kwenye ile ya lazima.
Abiria yumo tangu mwanzo."
"Basi."

Anainuka, anapapasa ukuta hadi mlangoni,
anaziangua funguo.
Moyo unanilipuka: anakwenda wapi huyu?
Nasikia mlango wa gari, upande wa dereva.
Nasikia reli ya kiti ikikwaruza,
mbele, mbele,
inasimama,
kisha meno mawili tena mbele.

Skrini inauliza kama nina hakika.