Kifungu cha Kumi na Mbili

Mimi ndiye karani wa halmashauri.
Sipigi kura. Sinyooshi mkono.
Kazi yangu ni kupiga chapa yanayosemwa
na kuzima taa wakishaondoka.

Usiku ule theluji ilifika magotini,
mto Tamarack umeganda hadi chini ya daraja la reli,
na bado watu walikuja,
wakatundika makoti yaliyolowa migongoni mwa viti,
wakajaa mpaka kwenye ngazi.
Ajenda: sheria ndogo ya mwaka themanini na mbili,
marekebisho ya kifungu cha kumi na mbili.
Kurasa tisa. Ugomvi wote kwenye neno moja.

Kamati ya raia yaweza kuomba kanda za kamera za polisi.

Yaweza.
Miaka yote hiyo kamati imeweza.
Imeomba kwa barua, imeomba kwa simu,
imeomba kama mtu aombaye chumvi
kwa jirani aliyezima taa akajifanya kalala.
Na kila lalamiko lilirudi mezani kwangu
na muhuri ule ule wa wino wa zambarau:
HALIKUTHIBITIKA.
Nani alithibitisha kwamba halikuthibitika?
Dawati lililotazamana na dawati lililolalamikiwa.
Kahawa yao ya birika moja.
Mnaijua kesi ya ngedere kupelekewa nyani;
hapa nyani alikuwa mshtakiwa, na hakimu, na mpiga muhuri,
na mlangoni alisimama binamu yake.

Akainuka wakili wa chama cha askari, Bwana Halvorsen,
tai imenyooka kama rula.
Akasema: askari akichunguzwa na watu wasioujua usiku
hatathubutu kushuka garini.
Sikumdharau. Baba yangu alilinda zamu ya usiku;
alfajiri alikaa mlangoni na buti zake miguuni,
hasemi, mpaka chai ikapoa.
Maneno ya Halvorsen niliyaandika yote, sikuyapunguza.

Kisha Odessa Pruitt, dereva wa basi la shule.
Dakika tatu, kama kila mtu.
Walitarajia alie. Hakulia.
Alifungua kibeti, akatoa risiti iliyofifia:
"Hii ni ya viatu vya mwanangu Lamar.
Saa kumi na moja na dakika nane jioni, yuko dukani, analipa.
Ripoti yenu, saa hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo,
yuko kwenye kivuko cha reli, anakimbia.
Duka liko ng'ambo ya mji.
Miaka sita naomba kanda.
Siombi mtu afungwe leo. Naomba kuona."
Kengele ililia. Alikuwa ameshakaa.

Mzee Tou Vang, fundi cherehani,
akauliza kupitia kwa mjukuu wake:
"Huyo mkaguzi atalipwa na nani?
Mbwa hambwekei anayemlisha."
Ukumbi ukacheka, kisha ukaacha kucheka.
Wakaongeza mstari: mshahara wake
usipite mikononi mwa mkuu wa polisi.

Saa saba usiku Diwani Lindqvist akasema,
sauti imemkauka,
futeni "yaweza", wekeni "shurti".
Polisi shurti watoe kanda ndani ya siku kumi.
Watano ndiyo. Wanne la.

Herufi sita zikatoka, sita zikaingia.
Kwa macho ya mbali ungedhani hakuna kilichoguswa.

Watu walipiga makofi, wakatafuta glavu zao.
Odessa alikuja mezani kwangu,
akaomba kusoma kwenye kioo cha kompyuta.
Alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama anayetafuta jina kwenye orodha ya waliofaulu.
Akafika mwisho. Akarudi juu.
"Na kanda za zamani?" akauliza. "Nazo zimo?"

Nilitazama. Kifungu kilikuwa kimya.
Watu tisa, kurasa tisa, saa sita za maneno,
na hakuna aliyeliuliza hilo.

Nilichukua karatasi ya njano,
nikaliandika swali lake kama alivyolisema,
nikalibandika juu kabisa ya ajenda ya mwezi ujao.
Kisha nikazima taa.
Ile ya mlangoni niliiacha,
alikuwa bado anafunga vifungo vya koti.