Moja kwa Tano

Hynek hauzi ndege, anahoji.
Kengele ya mlango wa duka lake pale Prostějov
haijanyamaza, keshakuuliza:
Buti la gari lako lina urefu gani?
Uwanja wenu wa nyasi au wa lami?
Mkeo anajua umekuja?

Mita moja na nusu, nikamjibu, viti vikilazwa.
Nyasi, na fuko hawaishi kuzifukua.
Swali la tatu nikalimeza.

Akaniteremshia Spitfire kutoka darini,
mabawa ya duaradufu, rangi ya matope na majani,
magurudumu yanajikunja tumboni
kama miguu ya bata anayelala.
"Kila mtu huanza kwa kuitaka hii," akasema,
"na kila mtu huiangusha."
Akafuta vumbi kwenye pua yake, taratibu.

"Sikiliza, bwana Radomír.
Ndege utaigawa kwa tano,
ubao kwa tano, ribiti kwa tano,
hata rubani utamgawa kwa tano.
Upepo haugawiki.
Utakujia mzima mzima,
uleule uliowajia wakubwa.
Basi chagua kitu chenye bawa pana,
kisichoona haya kwenda polepole."

Kisichoona haya kwenda polepole.

Nataka Čmelák, nikasema,
ile nyuki-bambi ya manjano,
ya kunyunyizia mashamba dawa.

Hynek akavua miwani.
"Hiyo haina boksi.
Haina bunduki, haina vita iliyoshinda.
Utaichonga mwenyewe, ubavu kwa ubavu, juu ya ramani,
na watu watakuuliza kama ni ya mjukuu."

Ikawa kazi ya majira ya baridi.
Vumbi la balsa liliingia hata kwenye supu.
Gundi niliipima kwa mizani ya unga;
Květa akaupima ukimya wangu kwa mizani yake,
akaniachia meza ya jikoni hadi Machi.

Kisha rangi. Njano ipi?
Njano ya kiwandani,
au ile ya baada ya misimu mitatu ya mbolea,
iliyochubuka tumboni, yenye ukurutu?
Lubor wa klabuni, mwenye Messerschmitt
ya ribiti elfu mbili na mia nne
(amezihesabu, usimuulize),
alisema waamuzi watataka picha.
Picha ninayo moja. Nyeusi na nyeupe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nilisimamishwa mwisho wa shamba la viazisukari
na bendera nyekundu, nimwonyeshe baba mstari.
Alipita chini mno, bendera ikanichapa usoni.
Nikahesabu hatua ishirini na tano kando,
nikasimama tena, nikaiinua tena.
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu,
kuanzia Mei hadi Agosti.
Nyumbani alikuwa mtu wa magazeti.

Rubani nimemchonga mara tatu.
Mara ya kwanza pua ikawa ya mjomba.
Mara ya pili alitabasamu, nikamtupa jikoni motoni.
Mara ya tatu nikakumbuka
kwamba kutoka pale chini sikuwahi kuuona uso:
helmeti tu, na glavu
iliyoinuka kidogo juu ya kioo.
Nikachonga helmeti. Nikachonga glavu,
na hiyo nikakesha nayo siku mbili.

Jumapili ya mwisho ya Mei tukaipeleka uwanjani,
viti vimelazwa, Květa amepakata mkia nyuma.
Ilipaa kama anayetafuta funguo zake, bila haraka.
Lubor akaacha kutafuna.
Kwenye kona ya pili upepo ukaja, mzima,
ukaiinua bawa la kushoto, ukaipima,
ukaiachia.

Nikaishusha iambae nyasi,
mita tatu, mita mbili,
njano iliyochubuka ikinijia usoni,
na miguu ikanitoka yenyewe,
moja, mbili, tatu, rimoti kifuani,
hadi ishirini na tano.
Nyuma yangu Lubor anapiga kelele
nirudi kwenye mstari wa marubani.