Sekunde Nne

Kutaisi, Februari. Ukungu umeziba dirisha,
mto Rioni unanguruma kule chini kama friji mbovu,
na mimi, Eteri, fundi wa sauti wa kwaya isiyo na senti,
nina kompyuta mbili mezani:
moja mpya, nyembamba, haina hata mkwaruzo,
moja kuukuu, feni yake inakohoa,
kibodi yake imepoteza herufi mbili
na penye herufi ya tatu pameganda tone la mshumaa.

Programu ni ileile ya muziki,
toleo la tisa humu, la kumi na nne kule.
Nataka yakae nyumba moja bila kugombana.

“Hamisha tu,” alisema Vakho wa studio ya jirani,
“buruta folda, dondosha, kisha ukanywe chai.”
Nikaburuta. Nikadondosha.
Mashine mpya ikauliza kwa adabu ya karani:
Faili lenye jina hili lipo. Libadilishwe?
Ndiyo. Ndiyo kwa yote. Ghairi.

Kidole kilikwisha tua kwenye Ndiyo kwa yote.
Sijui nini kilinizuia. Labda njaa.
Nikaghairi, nikala mkate wa jibini uliopoa,
nikarudi na mikono ya mbeba mayai.

Kwanza nakala, na nakala ya nakala:
diski moja kwenye droo ya soksi,
nyingine kwa dada yangu Lamara, ghorofa ya pili.
Toleo la kale nikalipa folda yake na onyo mlangoni:
Tisa, usiguse.
Jipya nikalisakinisha kando,
kama wakwe wawili, kila mmoja na jiko lake.
Vichomezi nikavihamisha kimoja kimoja,
nafungua wimbo, nasikiliza, nafunga.
Vitatu vilikataa. Kimoja kiliiangusha mashine nzima,
nikatukana kwa maneno ambayo mama hajui kwamba nayajua.

Saa tisa usiku nikafika kwenye majina pacha:
Bani 3, na Bani 3.
Sauti ya chini, ile inayowabeba wenzake wawili mgongoni.
Jina moja, uzito mbalimbali.
Moja Vakho aliisafisha mwaka juzi, akapunguza mkia.
Ya kale inazidi kwa sekunde nne.

Nikavaa spika za masikioni.
Wimbo ukaishia pale unapoishia siku zote.
Kisha kiti kikalia, mtu akajikohoza,
na mjomba Nugzar, tuliyemzika Oktoba ile ya matope,
akasema kama mtu aliyeridhika nusu:
“Tena. Na mara hii msinisubiri.”

Mbachao wangu umetoboka, najua.
Lakini nani alilala hapa, kama si sisi?

Nikaliandika upya jina la faili: Bani 3, na Nugzar.
Asubuhi Vakho akauliza kama nimemaliza.
Chai nimekunywa, nikamjibu.
Feni ya mashine kuukuu ilikuwa bado inakohoa.